Visukuku vya Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hayaishi. Wanayauliza wanafunzi wa sekondari, wachimba mchanga wa Songwe, wafugaji wanaopita makorongoni, na abiria wa basi la Iringa waliokiona kibao cha Isimila wakabaki wanajiuliza. Majibu yanahusu zaidi Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na upande wa Ruvuma unaoelekea Ziwa Nyasa. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine halirudiwi, utaelekezwa liliko.

## Mambo ya msingi

Kisukuku ni nini hasa?

Ni mabaki au alama ya kiumbe aliyeishi zamani sana, iliyohifadhiwa ndani ya mwamba au udongo wa kale. Mfupa, jino, gamba la konokono, jani lililoacha chapa yake, unyayo, kinyesi kilichogeuka jiwe, hata shimo alilochimba mdudu, vyote ni visukuku. Watu wengi wakisikia neno hili huona mifupa mikubwa tu, kumbe kazi kubwa ya sayansi hii imefanywa na meno madogo kuliko punje ya mchele.

Mfupa unageukaje kuwa jiwe?

Kwanza lazima ufukiwe haraka. Mnyama akifia porini, fisi na mchwa humaliza kazi na jua humalizia kilichobaki. Akifia kando ya mto unaofurika na kumfunika kwa tope au mchanga, hapo kuna matumaini. Baadaye maji ya ardhini, yenye madini yaliyoyeyuka, hupenya vitundu vya mfupa na kuacha madini hayo humo. Umbo hubaki lile lile, lakini uzito na ugumu hubadilika. Rangi pia hubadilika kufuata udongo: mifupa mingi ya Bonde la Rukwa ina wekundu au ukahawia, maana mawe ya mchanga ya kule yamejaa kutu ya chuma.

Nitajuaje kama nilichookota ni kisukuku au ni mfupa wa ng'ombe tu?

Mara nyingi ni wa ng'ombe, tuseme ukweli. Lakini kuna dalili. Kisukuku huwa kizito kuliko unavyotegemea kwa ukubwa wake. Ukikigonga polepole kwa kokoto hulia kama kigae. Mfupa mpya hutoa mlio butu. Tazama pale kilipovunjika: mfupa, uwe mpya au wa kale, una vitundu vidogo vidogo ndani, na jiwe la kawaida halina. Kwa hiyo kitu kizito kama jiwe lakini chenye vitundu vya mfupa ndicho cha kukutia shaka nzuri.

Usikichome moto kujaribu kama kitanuka nywele. Ndiyo, mfupa mpya hunuka ukiungua, ila ukikosea umeharibu kitu ambacho hakirudi.

Makaa ya mawe ya Kiwira na Mchuchuma nayo ni visukuku?

Ni mabaki ya mimea, ndiyo maana yanaitwa nishati ya visukuku. Yalitokana na mimea ya vinamasi vya zama za Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, iliyofukiwa na kugandamizwa. Katika tabaka za Karoo, yaani mashapo ya zama hizo yenye makaa, pasua yale mawe laini yanayopasuka kama kurasa na unaweza kukuta chapa ya jani lenye umbo la ulimi, mshipa mmoja mnene katikati na mishipa midogo iliyosukwa kama wavu pembeni. Huo ni mmea uitwao Glossopteris. Umepatikana pia India, Amerika Kusini, Australia na Antaktika, na ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba nchi hizo zote ziliwahi kuwa bara moja pamoja na Afrika, lililopewa jina la Gondwana.

Na kimondo cha Mbozi?

Hapana. Ni kipande cha chuma na nikeli cha tani takriban 16 kilichotoka angani. Hakikuwahi kuwa na uhai. Kitembelee, ila si kwa ajili ya somo hili.

## Viko wapi, na kwa nini hapo

Kwa nini havipatikani kila mahali? Sisi Iringa mjini tumezungukwa na mawe makubwa.

Mawe kama Gangilonga ni itale, yaani mwamba ulioganda kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi, zamani ambapo wanyama walikuwa hawajakuwepo duniani. Ndani yake hakuna cha kutafuta. Mlima Rungwe nao ni wa volkano. Lava haihifadhi mfupa, inauunguza.

Visukuku vinahitaji mashapo: tope, mchanga na udongo uliotulia polepole mtoni, ziwani au kwenye kinamasi. Halafu vinahitaji bahati ya pili, kwamba baada ya mamilioni ya miaka mwamba huo uinuliwe au ukatwe na mto ili tabaka la ndani lionekane. Bonde la Ufa limetufanyia yote mawili. Liliposhuka lilipokea mashapo, na mito kama Songwe ikaja kuyakata.

Kwa hiyo maeneo ya kweli ni machache. Kuna Bonde la Rukwa, upande wa Songwe na Galula. Kuna Bonde la Ruhuhu, kuanzia Manda wilayani Ludewa kuvuka upande wa Songea. Na kuna mabonde madogo ya mashapo mapya zaidi, kama Isimila.

Nachimba dhahabu Chunya. Naweza kukutana na mfupa wa kale?

Kwenye mwamba wa dhahabu wenyewe, hapana. Ni ule ule mkongwe ulioelezwa hapo juu. Kwenye changarawe za mtoni unaweza kukuta mifupa, lakini itakuwa ya zama za karibuni. Ukiona imegeuka jiwe kabisa, soma sehemu ya mwisho ya ukurasa huu kabla hujaipitisha kwenye karasha.

Ni kweli Mbeya kulikuwa na dinosaria?

Kweli kabisa, tena si mmoja. Katika mawe mekundu ya Bonde la Rukwa yamepatikana mabaki ya dinosaria wenye shingo ndefu, walaji wa majani, walioishi kati ya miaka milioni 110 na 70 hivi iliyopita.

Wa kwanza kupewa jina ni Rukwatitan, mwaka 2014. Mifupa yake ilikuwa ndani ya ukuta wa korongo, na kuitoa kulihitaji misimu miwili na msaada wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Hapo mimi huwa natabasamu, maana kwa kazi ya namna hiyo mchimbaji wa makaa anaujua mwamba kuliko mwenye shahada. Mwaka 2017 akafuata Shingopana songwensis, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Mifupa yake ilitobolewa na wadudu kabla haijafukiwa, na matundu yao yanaonekana hadi leo. Yaani tunajua mzoga ulikaa juu ya ardhi kwa muda.

Wa tatu ni Mnyamawamtuka, mwaka 2019. Alionekana mwaka 2004 juu kwenye ukuta wa mwamba unaoutazama Mto Mtuka, ambao hukauka kiangazi. Ilibidi watu wafanye kazi wakining'inia kwa kamba, na uchimbaji uliendelea hadi 2008. Pingili zake za mkia, ukizitazama kwa nyuma, zina umbo la kopa, ndiyo maana jina lake la pili ni moyowamkia.

Huyo ndiye yule mjusi mkubwa aliyeko Ujerumani?

Hapana, na swali hili huulizwa kuliko yote. Yule alitoka Tendaguru, mkoani Lindi, katika uchimbaji wa Wajerumani wa mwaka 1909 hadi 1913. Ana umri wa takriban miaka milioni 150, na mifupa yake ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, Mtanzania ambaye jina lake linastahili kutajwa kila Tendaguru inapotajwa.

Mjusi wa Tendaguru ameimeza hadithi yote ya visukuku vya Tanzania. Bungeni hujadiliwa yeye, na vitabuni huchorwa yeye. Wakati huo huo Ruhuhu kuna wanyama waliomtangulia kwa karibu miaka milioni 100, na wenyeji wengi wa Ludewa hawajawahi kuambiwa.

Isimila kuna visukuku au mawe tu?

Vyote, ila kilichoifanya ijulikane ni zana. Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya kwenda Mbeya. Pale ziwa dogo la kale liliacha mashapo, na ndani yake mna mashoka ya mawe ya watu wa Zama za Mawe za Kale. Shoka la mkononi si kisukuku, maana ni kitu kilichotengenezwa, si mwili wa kiumbe. Eneo liliripotiwa mwaka 1951, na Clark Howell na wenzake wakachimba mwaka 1957 na 1958. Umri unaotajwa zaidi ni miaka 260,000 hivi.

Mifupa ipo pia. Wa kuvutia zaidi ni kiboko aina ya Hippopotamus gorgops, ambaye leo hayupo tena. Macho yake yalikaa juu zaidi ya fuvu kuliko ya kiboko wa sasa, hivyo aliweza kuzama karibu mwili wote huku akichungulia. Simama leo kati ya ile minara ya udongo ya Isimila, penye vumbi na jua kali, halafu fikiria kiboko hapo. Hapo ndipo utaelewa jinsi nchi inavyobadilika.

## Wanyama wenyewe

Wanyama wa kale kabisa katika kanda yetu ni wepi?

Wa Ruhuhu. Kule mashapo yanaanzia zama za Permi na kuendelea hadi Triasi, yaani kabla na baada ya kutoweka kukubwa kuliko kote duniani, miaka milioni 252 iliyopita, ambapo sehemu kubwa ya viumbe wa baharini na wa nchi kavu walikwisha. Mtaalamu wa miamba G. M. Stockley aliripoti mifupa kule mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baada yake watafiti hawajakoma kurudi.

Waliojaa kule si dinosaria bali disinodonti: walaji majani wanene, wenye mdomo wa pembe kama wa kobe na, wengi wao, meno mawili yanayochomoza kama ya ngiri. Waliwindwa na gorgonopsia, wenye meno marefu ya kuchania. Cha ajabu ni kwamba makundi yote mawili yako karibu na sisi mamalia kuliko yalivyo karibu na mamba au mijusi. Ukiona mchoro ulioandikwa "dinosaria wa Ruhuhu" na ndani yake amechorwa disinodonti, aliyeuchora amechanganya mambo.

Nimesikia dinosaria wa kwanza duniani alitoka Songea. Ni kweli?

Huenda. Anaitwa Nyasasaurus parringtoni. Mifupa yake, ule wa juu wa mkono na pingili kadhaa za uti wa mgongo, iliokotwa na Rex Parrington miaka ya 1930 ikakaa makumbushoni kwa miongo mingi. Alan Charig aliichunguza katikati ya karne iliyopita, lakini jina rasmi lilitoka mwaka 2012, baada ya Sterling Nesbitt na wenzake kuipitia upya. Umri wake ni takriban miaka milioni 243, zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya dinosaria wengine wanaojulikana kwa uhakika.

Watafiti wenyewe walisema kwa tahadhari: ama ni dinosaria wa kwanza, ama ni ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Mifupa ni michache mno kukata shauri, na mtu anayekwambia limekwisha thibitika amewazidi waliomwandika.

Ndugu zake wa mbali kutoka tabaka hizo hizo wanajulikana vizuri zaidi. Asilisaurus kongwe, wa mwaka 2010, alipatikana kwa mabaki ya angalau wanyama 14. Teleocrater, wa mwaka 2017, alitembea kwa miguu minne kama mamba, jambo lililowashangaza waliotegemea kwamba jamaa hao wa mwanzo wangefanana na dinosaria wadogo wa miguu miwili.

Mamba mwenye meno ya paka alikuwepo kweli?

Alikuwepo, na kwangu ndiye mnyama mzuri kuliko wote waliotoka Rukwa. Pakasuchus kapilimai alitangazwa mwaka 2010. Aliishi takriban miaka milioni 105 iliyopita, akiwa na ukubwa wa paka wa nyumbani na fuvu la kukaa kiganjani. Mamba wa Ziwa Rukwa leo ana meno yanayofanana yote, ya kushika na kurarua. Huyu alikuwa na meno tofauti tofauti: marefu mbele, na magego ya kutafunia nyuma, yanayokutana kama ya mamalia. Mdomo wa kisukuku ulikuwa umefumba, kwa hiyo meno yalionekana vizuri kwa kupigwa picha za eksirei za kompyuta. Magamba magumu ya mwilini yalikuwa yamepungua, maana yake alikuwa mwepesi, mwindaji wa nchi kavu. Jina la pili linamuenzi marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Na sokwe wa miaka milioni 25?

Mwaka 2013 Nancy Stevens na wenzake walitangaza viumbe wawili kutoka tabaka za Nsungwe, upande huo huo wa Rukwa. Rukwapithecus, wa ukoo wa sokwe, anajulikana kwa kipande cha taya chenye meno. Nsungwepithecus, wa ukoo wa nyani na tumbili, anajulikana kwa kipande cha taya chenye jino moja. Umri ni miaka milioni 25.2. Hawa ndio ushahidi wa mapema kabisa kwamba koo hizo mbili zilikwisha kuachana.

Jino moja linatosha? Kwa mamalia mara nyingi linatosha. Mabonde na vilima vya juu ya gego hutofautiana ukoo kwa ukoo, na mtaalamu huvisoma.

Zaidi ya wanyama wakubwa, kuna kingine?

Kuna mchwa. Katika tabaka hizo za Nsungwe yalipatikana mabaki ya vichuguu vya miaka milioni 25 vikiwa na bustani za kuvu ndani yake, ushahidi wa kale kabisa wa mwili wa kilimo cha wadudu kujulikana wakati ulipotangazwa mwaka 2016. Wale wanaookota uyoga kichuguuni masika wanavuna shamba ambalo mchwa wamelilima tangu hapo.

## Umri

Wanajuaje miaka? Si wanakisia tu?

Hawapimi mfupa, wanapima majivu. Volkano ikilipuka, majivu hutandaza tabaka jembamba lenye chembe za madini. Ndani ya chembe hizo elementi fulani za mionzi, kama urani, hubadilika kuwa nyingine kwa mwendo usiobadilika. Ukipima kiasi kilichobadilika, unapata tarehe ya mlipuko. Mfupa uliolala kati ya tabaka mbili za majivu una umri ulio kati ya tarehe hizo mbili. Nsungwe ilijaliwa majivu mengi, ndiyo maana tunasema 25.2 na si "kama 25".

Kaboni 14, ambayo wengi huitaja, hufika miaka 50,000 hivi tu. Kwa dinosaria haina kazi.

Je, haiwezi kuwa ni gharika ya Nuhu?

Swali hili huulizwa kwa nia njema na linastahili jibu la nia njema. Gharika moja ingechanganya wanyama wote pamoja. Huku kwetu hawachanganyiki: disinodonti wa Ruhuhu hawakutwi na Rukwatitan, na Rukwatitan hakutwi na sokwe wa Nsungwe. Kila kundi lina tabaka lake, na kati ya tabaka kuna udongo wenye mizizi na vichuguu, vitu visivyoota ndani ya mafuriko. Imani ya mtu ni yake. Mwamba unaonyesha hayo.

Makombe, yaani magamba ya viumbe wa majini, yanayookotwa nchi kavu mbali na maji ya Rukwa yana maelezo ya karibu zaidi: ziwa hilo limewahi kuwa kubwa na lenye kina kuliko sasa.

## Nimeokota kitu

Nifanye nini?

Usikichomoe. Mfupa uliotolewa kwenye tabaka lake bila kumbukumbu umepoteza umri wake, kwa sababu iliyoelezwa kwenye sehemu ya Umri. Piga picha ya karibu ukiweka sarafu ya shilingi 200 au kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, halafu picha ya mbali inayoonyesha korongo zima. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa halmashauri, ifike Idara ya Mambo ya Kale.

Kama ni vipande vilivyokwisha kuanguka mtoni, panda kwa jicho kuelekea juu ya mteremko. Mara nyingi vimetoka kwenye tabaka moja hapo juu, na hilo ndilo la kuonyesha.

Wataalamu wakija utawaona wanafunika mfupa kwa karatasi ya choo iliyoloweshwa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Usicheke. Karatasi huzuia plasta isishikane na mfupa, na gamba lile la gunia ndilo linalouokoa barabara ya vumbi hadi Mbeya.

Vinauzwa bei gani?

Haviuzwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda; kuchimba au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Dalali anayekwambia kuna Mzungu Tunduma anayenunua "mfupa wa mjusi" kwa mamilioni ni yule yule aliyekuwa anatafuta zebaki nyekundu mwaka juzi.

Mbona wageni wanachimba na kuondoka navyo?

Malalamiko haya yana mizizi ya kweli. Soma tena jibu la Tendaguru. Siku hizi mtafiti anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na leseni ya Mambo ya Kale, na kinachotoka nje kwa kusafishwa na kuchunguzwa kinahitaji kibali chake. Haki ya kijiji kuuliza kibali hicho ipo. Ulizeni.

Kwenye jiwe la ukuta wa nyumba yangu kuna umbo kama la majani. Ni mmea?

Pengine siyo. Madini ya manganizi yakipenya kwenye ufa wa jiwe huchora matawi meusi mazuri yanayomdanganya kila mtu. Jani la kweli lina mshipa wa kati na ukingo. Matawi ya manganizi hayana, na husambaa kuanzia kwenye ufa.

Mfupa niliuchukua zamani, uko kabatini. Nitashitakiwa nikiupeleka?

Swali hili ndilo huwafanya watu wautupe shimoni, na hiyo ni hasara kuliko zote. Upeleke kwa afisa utamaduni ukieleza ulivyoupata. Kabla hujaenda, andika unachokumbuka: kijiji, korongo, juu au chini ya ukuta, rangi ya udongo, na nani alikuwa nawe. Kama mwenzako yuko hai, nendeni naye. Yeye anaweza kukumbuka mti uliokuwa pale, na mtafiti akaanzia hapo.